Mlezi Anaporejea Kazini: Namna Ruzuku ya Kaya na Mafao ya Mfanyakazi Yanavyopishana

KATIKA kata ya Kidodi, wilayani Kilosa, mwaka hugawanyika mara mbili kwa namna ambayo kalenda ya ukutani haionyeshi. Kuna miezi ya mvua, ambapo mashamba ya miwa yaliyo kandokando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Kidatu hutulia na kazi ya ujira huwa haba. Kisha kuna msimu wa kukata, ambao kwa kawaida hufunguliwa masika yanapokwisha, ambapo miwa husombwa kuelekea viwandani na kila mwenye nguvu hutafutwa.

Hapo ndipo kaya iliyomo katika Mpango wa Kunusuru Kaya za Walengwa hukabiliwa na uamuzi mgumu. Mama aliyekuwa nyumbani akilea mtoto mchanga, au akimhudumia mzee asiyejiweza, anapata nafasi ya kazi ya mkataba kwa miezi saba. Je, akiikubali, kaya yake itapoteza ruzuku? Na kama ruzuku itapungua au kukoma, ni kinga gani itakayochukua nafasi yake?

Anayekosea jibu kwa upande mmoja hukataa mkataba, akabaki na vibarua ambavyo haviandikwi popote. Anayekosea kwa upande wa pili huenda kazini bila kumweleza yeyote, na msimu unapokwisha anakuta jina la kaya limewekewa alama kwa kuwa hakuna aliyeonekana siku ya uhakiki. Makosa yote mawili hutokana na kuchanganya mifumo miwili ambayo kwa asili haifanani: mmoja huitazama kaya, mwingine humtazama mtu.

Ruzuku ni ya kaya

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Mpango wa ruzuku kwa kaya maskini ulizinduliwa mwaka 2012 katika awamu ya tatu ya Mfuko huo, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 17, 2020. Katika utaratibu wake, mlengwa ni kaya. Jina la mama huandikwa kwa sababu yeye ndiye mara nyingi hupokea fedha kwa niaba ya wenzake, lakini kinachopimwa ni hali ya wote wanaokaa chini ya paa moja na kula chungu kimoja.

Kaya huingia katika mpango kwa hatua. Mkutano wa hadhara wa kijiji huzitaja kaya ambazo wanakijiji wenyewe wanaziona kuwa na hali duni kuliko nyingine. Kisha dodoso hujazwa nyumba kwa nyumba, na majibu yake hupimwa kwa kipimo kimoja kinachotumika nchi nzima, kinachotazama mambo kama aina ya makazi, mali zilizomo, idadi ya wategemezi na uwezo wa kumudu mlo. Miongoni mwa vigezo vinavyotajwa katika mikutano hiyo ni kuwa na kipato cha chini sana na kisicho cha uhakika.

Neno "uhakika" ndilo linalopaswa kuangaliwa. Mshahara wa mwezi hadi mwezi wa mtumishi ni kipato cha uhakika, na kaya yenye mtu wa namna hiyo haikidhi kigezo. Ujira wa msimu, unaokoma mvua zinaporudi, ni jambo jingine. Mpango haukuwekewa mstari wa kipato ambao mtu akiuvuka kwa shilingi moja tu anakatwa siku hiyo hiyo. Kaya hutathminiwa upya kwa vipindi, na ikionekana kwamba hali yake imeimarika kwa ujumla, huhitimu na kutoka katika mpango. Mwanakaya mmoja kupata kazi ya msimu ni sehemu ya picha hiyo, lakini siyo picha nzima. Kaya yenye mkataba mmoja wa miezi saba, watoto wanne na mzee asiyeona inaweza kupimwa na kukutwa bado iko pale pale.

Si kila nchi imechagua njia hiyo. Uingereza ina posho maalumu kwa anayemhudumia mgonjwa au mlemavu, nayo ina mstari mkali: katika mwaka ulioanza Aprili 2025, mlezi aliyepata zaidi ya pauni 196 kwa wiki kutokana na kazi, baada ya makato yanayoruhusiwa, alipoteza posho yote ya wiki hiyo. Wako walezi nchini humo waliojikuta wakidaiwa kurejesha fedha nyingi kwa sababu walizidisha kiasi kidogo kwa miezi mingi bila kujua. Utaratibu wa kutathmini kaya nzima una kasoro zake, ikiwamo kuchelewa kuiona kaya iliyoanguka ghafla, lakini walau haumwadhibu mtu kwa wiki moja nzuri.

Kinachoweza kupungua mara moja ni kitu kingine, nacho mara nyingi husahaulika. Sehemu ya ruzuku hutegemea kaya kutimiza wajibu kwa watoto: wenye umri wa kwenda shule wahudhurie kwa angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na wenye umri chini ya miaka mitano wapelekwe kliniki kwa ratiba. Ruzuku hulipwa kila baada ya miezi miwili, na kabla ya malipo taarifa za mahudhurio hukusanywa. Mama akiondoka alfajiri na kurudi jioni, ni nani atakayempeleka mtoto kliniki? Mtoto wa kike wa darasa la tano akibakizwa nyumbani amwangalie mdogo wake, kaya inapoteza pande zote mbili: mtoto anakosa masomo, na fungu lake la ruzuku linapungua. Hapo kazi ndiyo iliyopunguza ruzuku, ingawa hakuna aliyeikata kwa sababu ya mshahara.

Ajira za muda za TASAF nazo zinahitaji kuangaliwa. Katika kipindi cha pili cha mpango, kaya yenye mtu mwenye nguvu ya kufanya kazi hupewa nafasi ya hadi siku 60 kwa mwaka katika miradi ya jamii, kama vile barabara za kijiji, malambo na vitalu vya miti, kwa ujira wa shilingi 3,000 kwa siku. Malipo hutolewa kwa siku alizofanya kazi mtu. Mama aliyeingia katika mkataba wa shamba hawezi kuwa mahali pawili, lakini nafasi hiyo ni ya kaya, hivyo mtu mzima mwingine wa kaya hiyo mwenye nguvu anaweza kuichukua. Kaya isiyo na mtu mwingine huzikosa siku hizo.

Kwa hesabu ya fedha tupu, uamuzi si mgumu. Siku 60 za ajira ya muda huleta shilingi 180,000 kwa mwaka. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 1, 2023, iliweka kima cha chini cha mshahara katika kilimo wakati huo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Miezi saba kwa kiwango hicho ni shilingi 980,000, na mshahara huo uko chini ya kiwango kinachoanza kutozwa kodi ya mapato. Baada ya kuondoa mchango wa asilimia 10 wa hifadhi ya jamii, mfanyakazi hubaki na shilingi 882,000. Lakini nyumbani kuna mtoto wa kulishwa na mzee wa kuogeshwa, na hesabu hiyo haionyeshi nani atafanya kazi hizo wala kwa malipo gani.

Mafao ni ya mtu, na huhesabiwa kwa miezi

Siku mlezi anapotia saini mkataba, anaingia katika mfumo wa pili. Mwajiri wa sekta binafsi anawajibika kumwandikisha katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, na kuwasilisha kila mwezi mchango wa asilimia 20 ya mshahara, ambapo sehemu inayokatwa kwa mfanyakazi haipaswi kuzidi asilimia 10. Kwa mshahara wa shilingi 140,000, hizo ni shilingi 28,000 kila mwezi, nusu yake ikiwa ni ya mfanyakazi mwenyewe.

Wajibu huo haumhusu mwenye shamba kubwa peke yake. Bonde hili lina wakulima wadogo wengi wa miwa, na ukataji katika mashamba yao mara nyingi hufanywa na vikundi vilivyokusanywa na wakandarasi. Kwa mkataji, mwajiri ni yule aliyemwajiri na kumlipa, hata kama miwa ni ya mtu mwingine na kiwanda ni cha mtu wa tatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi anapoanza kazi, isipokuwa kwa yule anayemfanyia kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wa kwanza wakati michango inapotafutwa na haionekani.

Ugumu wa mfumo huu kwa mlezi uko katika idadi ya miezi. Pensheni ya uzee inahitaji michango ya miezi 180. Fao la kukosa ajira linahitaji walau miezi 18, na kwa aliyetimiza masharti hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Aliyeacha kazi kwa hiari yake halipati, na malipo hukoma anapopata kazi nyingine. Mlezi anayeacha kazi kwa kuwa mzazi wake ameugua, kwa maandishi ya sheria, ameacha kwa hiari. Ukweli huo ni mchungu, na ni heri ujulikane kabla barua ya kuacha kazi haijaandikwa. Pale inapowezekana, kuomba likizo isiyo na malipo, au kusubiri mkataba ufike ukomo wake, humwacha katika nafasi tofauti na ya mtu aliyejiuzulu.

Fao la uzazi lina sharti lenye sehemu mbili. Mwanachama awe amechangia angalau miezi 36, na kati ya hiyo, miezi 12 iwe ndani ya miezi 36 iliyotangulia kujifungua. Akitimiza hayo, hulipwa wastani kamili wa ujira wake kwa wiki 12.

Chukuliwe mfano wa mfanyakazi wa msimu ambaye huchangia miezi saba kila mwaka. Misimu mitano humpa miezi 35. Amekosa mwezi mmoja tu. Fao la uzazi litamfungukia mwanzoni mwa msimu wa sita. Mtu aliyeajiriwa mwaka mzima hufika hapo kwa miaka mitatu.

Sasa mfanyakazi huyo huyo, baada ya misimu sita na michango 42, anakaa nyumbani misimu miwili akimlea mtoto aliyezaliwa na maradhi. Anarejea msimu mmoja, anaongeza miezi saba, kisha anajifungua tena. Jumla yake ni miezi 49, iliyovuka 36 kwa mbali. Lakini ndani ya miaka mitatu iliyotangulia kujifungua ana miezi saba peke yake, na sheria inataka 12. Hapati fao. Misimu miwili ya kulea imemgharimu zaidi ya mshahara wa misimu hiyo. Laiti angerejea misimu miwili mfululizo kabla ya kujifungua, angekuwa na miezi 14 na sharti lingetimia.

Hesabu hii haimwambii mtu azae lini. Inaonyesha tu kwamba pengo la malezi huacha alama katika rekodi, na alama hiyo huonekana miaka kadhaa baadaye. NSSF hupokea pia michango ya watu waliojiajiri na walio katika sekta isiyo rasmi, kwa hiyo mwanachama aliyesimama kazi kwa ajili ya kulea anaweza kuuliza katika ofisi ya Mfuko namna ya kuendelea kuchangia kwa kiasi anachokimudu, na michango hiyo itahesabiwaje katika fao analolitarajia. Swali hilo liulizwe pengo linapoanza.

Jambo jingine dogo lina madhara makubwa: namba ya uanachama ni moja kwa maisha yote. Mkandarasi mpya anaposema ataandikisha watu upya, mwanachama wa zamani anapaswa kumpa namba aliyo nayo. Michango iliyotawanyika chini ya namba mbili au tatu ni kazi ngumu kuiunganisha, na miezi inayohitajika kufikia 36 inaweza kuwa imelala katika jina lililoandikwa kwa herufi tofauti na zile za kitambulisho cha taifa.

Likizo ya uzazi na mtu wa msimu

Kuna imani kwamba mfanyakazi wa msimu hana likizo ya uzazi kwa kuwa hajamaliza miezi sita. Imani hiyo ina chanzo, maana kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinasema kweli kwamba mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo. Lakini kifungu hicho hicho kinaendelea na kutoa ubaguzi. Aliyeajiriwa kwa msingi wa msimu ana haki ya likizo hizo. Aidha, aliyefanya kazi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri mmoja ana haki hiyo iwapo vipindi vyake vikijumlishwa vinazidi miezi sita katika mwaka huo. Wengi husoma mstari wa kwanza wakaishia hapo.

Likizo yenyewe ni siku 84 zenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Mfanyakazi hutoa taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, ikiambatana na cheti cha mganga. Anaweza kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe hiyo, na hawezi kurudi kazini ndani ya wiki sita baada ya kujifungua isipokuwa mganga amethibitisha kuwa yuko salama. Anaporejea, anarejea kwa masharti yale yale ya ajira aliyokuwa nayo. Siku hizo 84 ni wiki 12. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unataja wiki 14, na tofauti ya wiki mbili si ndogo kwa anayerudi kwenye kazi ya kukata miwa kwa mkono.

Likizo hii hulipwa na mwajiri, na fao la uzazi hulipwa na NSSF. Kila moja ina masharti yake. Mwenye miezi minne tu ya michango hana fao la Mfuko, lakini kama ni mfanyakazi wa msimu na yumo ndani ya mkataba, likizo ya mwajiri bado ni yake. Mimba inayofikia mwisho wake baada ya msimu kufungwa na mkataba kwisha haiwezi kumwajibisha mwajiri kwa likizo, kwa sababu ajira haipo tena. Mwanamke anayejifungua Oktoba na mwenzake anayejifungua Machi, wote wakiwa wamekata miwa katika shamba moja, wanaweza kujikuta katika hali mbili tofauti kabisa.

Baada ya kurejea, anayenyonyesha anapaswa kuruhusiwa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, kumnyonyesha mtoto wake. Katika ofisi ya mjini kifungu hicho hutekelezeka kwa kutoka mapema. Katika shamba lililo kilomita kadhaa kutoka kijijini, saa mbili huweza kuishia njiani, na utekelezaji wake hutegemea makubaliano kati ya mfanyakazi na msimamizi: kama mtoto ataletwa karibu na shamba na bibi yake, au kama mama atapangiwa kazi iliyo jirani na makazi. Sheria pia inakataza kumpangia mama kazi ya usiku katika miezi miwili baada ya kujifungua, jambo lenye maana mahali ambapo kazi huendelea kwa zamu.

Pale anayehudumiwa ni mfanyakazi mwenyewe

Katika mifumo hii yote, malezi na uangalizi nyumbani havina malipo ya jina lake. Upo ubaguzi mmoja. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa chini ya sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, una fao la malipo kwa anayemhudumia mgonjwa. Mfanyakazi aliyeumia kazini kiasi cha kuhitaji msaada wa mtu mwingine wakati wote anaweza kustahili malipo hayo, mbali na matibabu na fidia ya ulemavu. Panga na mtambo ni hatari zinazofahamika katika kilimo cha miwa, hivyo fao hili si la kubahatisha hapa. Mchango wa WCF hulipwa na mwajiri peke yake, nao hauna miezi ya kusubiri kama ile ya NSSF. Aliyeumia wiki ya kwanza ya msimu anahusika sawa na aliyeumia wiki ya mwisho. Kinachohitajika ni ajali itolewe taarifa mapema kwa mwajiri, na mwajiri aiwasilishe kwa Mfuko.

Kabla ya msimu kufunguliwa

Kaya inayojiandaa kumtoa mlezi wake kwenda kazini ina mambo machache ya kufanya katika ofisi ya kijiji, na yote ni rahisi zaidi yakifanywa kabla ya siku ya kwanza ya kazi. La kwanza ni kuieleza kamati ya jamii inayosimamia mpango, au mtendaji wa kijiji, kwamba mama atakuwa kazini kwa kipindi fulani, na kuhakikisha kwamba yupo mwanakaya mwingine aliyeandikishwa kupokea malipo kwa niaba yake. Siku ya malipo huangukia siku ya kazi mara nyingi tu.

La pili ni mahali pa kulala. Mashamba na viwanda vya miwa viko pande zote mbili za Mto Ruaha Mkuu, na ng'ambo ya mto ni wilaya nyingine. Mfanyakazi anayehamia kambini huko kwa miezi saba na kuwaacha watoto Kidodi bado ni mwanakaya wa Kidodi. Lakini akihama na kaya nzima, kaya hiyo imehama halmashauri, na uhakiki ukifanyika bila taarifa ya uhamisho itaonekana kama haipo. Hatua hizo mbili hazifanani, na ofisi haiwezi kuzitofautisha kwa kukisia.

La tatu ni mtoto na kliniki. Kadi ya kliniki ikabidhiwe kwa atakayebaki naye, na tarehe zijulikane. Bibi anayempeleka mjukuu kituo cha afya anatimiza wajibu wa kaya sawasawa na mama, kwa kuwa kinachoandikwa ni mahudhurio ya mtoto. Mwalimu wa shule naye ajue ni nani wa kuulizwa mtoto asipoonekana darasani.

Kwa upande wa kazi, karatasi za kutunzwa ni mkataba au maelezo ya ajira, hati za malipo ya mshahara zinazoonyesha makato, na namba ya uanachama wa NSSF. Makato yaliyoandikwa kwenye hati ya mshahara hayathibitishi kwamba fedha zimefika katika Mfuko. Mwanachama ana haki ya kuiona taarifa ya michango yake, na ni vyema kuiangalia baada ya miezi miwili au mitatu ya kwanza, wakati mwajiri bado yupo na msimu haujafungwa. Mkandarasi aliyekwisha kuvunja kikundi na kuondoka mwezi Desemba ni mgumu kupatikana mwezi Machi.

Msimu unapokwisha na mama kurudi nyumbani, taarifa hutolewa tena katika ofisi ile ile ya kijiji. Kama kaya bado imo katika mpango, nafasi ya ajira za muda inaweza kurudi kwake. Kama kaya imetathminiwa na kuhitimu katika kipindi hicho, na mwenyeji anaona kwamba dodoso lilihesabu ujira wa msimu kana kwamba ni wa mwaka mzima, malalamiko hupelekwa kwanza kwa kamati ya jamii na mtendaji wa kijiji, kisha kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri. Katika malalamiko hayo, mkataba wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika ndio unaoonyesha kwamba kipato kile kilikuwa cha miezi saba.